Hatua za Kufika Majini

"Hapana," mwanamume akasema, akakirudisha kijarida mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Hii nayo haifai."

Bi Safari alishusha pumzi. Jina hilo walimpa wenzake ofisini kwa utani, maana kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akiwauzia watu safari za visiwani, na yeye mwenyewe hajapanda hata boti. Mume na mke hawa walikuwa wameketi mbele yake kwa mara ya tatu wiki hii. Hoteli iliyokataliwa sasa hivi ilikuwa ya saba.

"Haifai nini, kaka? Bei ni ya kati kama mlivyotaka. Miwani ya majini na bomba la kupumulia wanawaazima bure. Boti inawafikisha juu ya matumbawe kabisa."

"Sitaki boti. Nataka kuingia majini mwenyewe."

"Juzi niliwapa yenye matumbawe karibu na ufukwe."

"Ile ina ngazi."

"Vidato kumi na viwili tu!"

"Kumi na vinne. Nimevihesabu kwenye picha."

Mkewe aliketi, mkoba mapajani, macho sakafuni. Maskini, Bi Safari aliwaza, kuishi na mtu kama huyu! Bosi alitoka chumba cha ndani, akamnong'oneza alipopita: "Bado tu? Wape yoyote, waondoke."

Akafungua kijarida cha nane. Vyumba vya chini, bustani, bahari ya buluu isiyo na doa.

"Kutoka chumbani mpaka majini ni hatua ngapi?" mwanamume akauliza.

Hapo uvumilivu ukamwisha. "Hatua ngapi? Kwani kaka unakwenda kwa magoti?"

Mke akainua uso. Mwanamume akasogeza kiti nyuma. Aliinama, akapandisha suruali ya kulia. Chini ya goti palikuwa na mguu wa plastiki, wenye rangi ya ngozi ya mtu mwingine.

"Nilikuwa fundi umeme. Nilianguka kutoka kwenye nguzo, mwaka wa nne huu," akasema. "Huu hauingii kwenye maji ya chumvi. Nauvua chumbani, nashika magongo. Mchanga ukiwa laini, magongo yanazama, naanguka mbele za watu."

"Nilimwambia aseme tangu siku ya kwanza," mke akadakia, sauti ikimpanda. "Kichwa kigumu huyu! Siku tatu anamsumbua dada wa watu."

"Ningesema, angenitafutia hoteli yenye bwawa na kiti cha kupumzikia." Akashusha suruali. "Nilikuwa naogelea sana mimi. Ndani ya maji sichechemei."

Bi Safari alivivuta vijarida karibu. Alizitazama zile picha. Alizijua kama kiganja chake, lakini hakuwahi kuuliza zilipigwa bahari ikiwa imejaa au imekupwa.

Akavuta simu, akapiga hoteli ya nane. "Mapokezi? Mpeni simu ya mkononi mtu anayefanya kazi ufukweni. Ndiyo, nasubiri."

Akaweka spika. Baada ya muda mrefu ikasikika sauti ya mwanamume anayehema.

"Kaka, naomba uanze mlangoni pa chumba cha mwisho," Bi Safari akamwambia. "Tembea mpaka maji yafike magotini. Hesabu kwa sauti."

"Dada, una utani wewe."

"Sina hata chembe. Na uniambie mchanga ukoje. Usikate simu."

Bosi alitoka tena, akamwonyesha saa ya ukutani. Bi Safari akageuza kiti, akampa mgongo.

"Kumi na moja, kumi na mbili... hapa mchanga laini kidogo, kama hatua tano hivi... ishirini. Sasa umeshikana, mgumu kama sakafu. Bahari imekupwa lakini si mbali."

Mke alikuwa amemshika mumewe mkono. Mwanamume alifumba macho, midomo ikifuatisha hesabu.

"Thelathini na nane. Vifundoni." Chubwi, chubwi, ilisikika kwenye spika. "Arobaini na sita. Magotini, dada. Samaki hawa hapa, wadogo wa manjano. Nirudi?"

Bi Safari alimtazama mwanamume.

"Mwambie aendelee," akasema, bila kufumbua macho.

Na maji yakaendelea kulia chubwi ndani ya spika, hatua baada ya hatua, juu ya meza iliyojaa vijarida.