Macho Yaliyokosana

Tangu aanguke kutoka kwenye ngazi akipaka rangi dari ya zahanati, fundi rangi alikuwa akiona kila kitu viwili viwili: milango miwili, vikombe viwili, mke wake amesimama kando ya mke wake. Mdogo wa mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hongera shemeji, umeoa tena hata hukutuambia!"

Fundi hakucheka.

Daktari wa macho alimweleza taratibu. Kila jicho huona picha yake kutoka upande wake, na ubongo huziunganisha zikawa moja. Ile tofauti ndogo kati ya picha hizo ndiyo humjulisha mtu kama kitu kiko karibu au mbali. Sasa msuli wa jicho lake la kushoto ulikuwa umelegea, likashindwa kwenda sambamba na mwenzake. Akalifunika na kumwambia avute subira. Huenda msuli ungepona wenyewe.

"Huenda?"

"Huenda."

Kweli, kwa jicho moja vitu vilirudi kuwa kimoja kimoja. Lakini balaa jipya likaanza. Akimimina chai, inaishia mezani. Mkewe akimnyooshea sahani, anashika hewa.

"Nikusaidie?"

"Niache!"

Asubuhi moja uzalendo ukamshinda, akaenda kupaka fremu ya dirisha la chumbani. Brashi ikagusa kioo kabla hajatarajia, kisha ikakosa mbao kabisa. Akapangusa, akarudia. Mstari ukapinda tena. Akaitupa brashi ndani ya ndoo, rangi ikamrukia shati zima.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Baba watoto, tanguliza kidole kwenye mbao, brashi ifuate kidole."

"Unanifundisha kazi mimi?"

"Nakufundisha kunyamaza."

Alisubiri mkewe aondoke ndipo akajaribu. Mstari ulinyooka, ila alikwenda mwendo wa kobe. Hadi jua linageuka alikuwa amemaliza upande mmoja tu, yeye ambaye kwa muda huo angekuwa amemaliza chumba kizima.

Mkewe akarudi, akachungulia. "Si umeona? Umenyooka."

"Umenyooka upande mmoja," alisema, amebana meno. "Dirisha lina pande nne."

"Basi endelea."

Fundi akasonya, akatanguliza kidole, akachovya brashi.