Kompyuta Iliyosema Mkutanoni

Tangu Pasaka, Consolate aliishi na hofu moja: kwamba ofisini watagundua macho yake yanazimika. Alikuwa katibu wa mikutano katika shirika la wauza kahawa huko Kigobe. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na dawa zingeichelewesha tu. Kila asubuhi alisimama mbele ya kalenda akijipima, na kila wiki tarehe fulani ilipotelea kwenye ukungu.

Mwishowe alipeleka kompyuta yake ya zamani kwa Muadh, fundi wa kompyuta mtaani Bwiza.

"Nataka kuandika bila kuangalia," alisema, baada ya kurudisha mlango. "Na mutu asijue."

Muadh hakumuuliza sababu. Alifuta kila kitu, akaweka mfumo wa Linux, kisha akamjaribishia sura tatu za skrini. Ya kwanza ilipendeza, lakini menyu zake zilijificha. Ya pili, kila kitu kilikuwa kidogo mno. Ya tatu iliitwa MATE, na hapo menyu ilikaa mahali pamoja, haihamihami.

"Hii," alisema Consolate. "Hapa najua kitu kiko wapi."

Kazi iliwachukua Jumamosi mbili. Waliweka maandishi ya manjano juu ya weusi, makubwa kama ya bango. Picha zote za pembeni waliziondoa. Kitufe kimoja kilifungua ukurasa mpya, kingine kilihifadhi, na puku ya kusogeza mshale hakuihitaji tena. Mwisho Muadh akawasha sauti ya kusoma skrini kwa Kifaransa, aisikilize kwa ekuta ya kuchomeka sikioni, sikio moja.

Ofisini alikaa kwenye kona, mgongo ukutani, mtu asizione herufi zile. Alifanya hivyo miezi miwili, moyo ukimdunda kila kiti kiliposogezwa.

Jumanne moja katikati ya mkutano, mwenzake Huguette alipita na chai, mguu wake ukanasa waya wa ekuta. Ukachomoka.

"Mkurugenzi amesema magunia yachelewe wiki moja," kompyuta ikatangaza kwa Kifaransa, kwa sauti kubwa. "Mkurugenzi ameongeza…"

Watu wakageukia kona. Consolate alipapasa meza akitafuta waya, asiupate. Sauti ikaendelea hadi mwisho wa mstari.

"Nini hiyo?" akauliza Darius, mkurugenzi.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ukamkwama.

"Ni ordinateur yangu, chef. Inanisomea. Mi sioni tena vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na rapports zote za tangu Pasaka, ni nani aliandika?"

"Ni mimi."

Alisikia faili likifunguliwa, kurasa zikigeuzwa polepole. Uso wa Darius hakuuona, na hilo lilimtisha kuliko yote.

"Sogea hapa karibu," Darius alisema hatimaye. "Kule kwa kona husikii watu vizuri. Kesho uniletee karatasi ya munganga. Tuendelee."

Kesho yake Darius aliisoma karatasi ya daktari mara mbili. Angebaki kazini hadi Desemba, akasema, halafu wataona tena. Consolate alishukuru, lakini alipofika ngazini akasita. Desemba haikuwa mbali, na ukungu haukuwa umesimama.

Huguette alimkuta pale, ameshika ukuta.

"Ni jicho gani linaona muzuri zaidi?" aliuliza.

"La kuume."

Huguette akahamia kushoto kwake, akamshika kiwiko, wakashuka.