Korongo Asiyelia

Kwenye kundi la mtandaoni la wakusanyaji wa sarafu za fedha walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa kuomba. Alikuwa fundi saa kwa miaka thelathini na tisa, mtu aliyezoea kuinamia vitu vidogo mpaka viseme vinaumwa nini. Alipostaafu, ujuzi ule ule akauhamishia kwenye sarafu. Mwenzao akitaka kununua, anatuma picha kwanza, naye Sikio anatoa hukumu: herufi zimenona, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, meno ya ukingoni hayalingani, muuzaji ana picha ya mbele tu, mwulize nyuma ameficha nini. Na kama bei ni ya kutupa, alipenda kuandika, basi jiulize kwa nini inatupwa.

Lakini picha ni picha. Sarafu ikishafika mkononi kuna mizani, kuna sumaku, na mwisho kabisa kuna mlio. Unaituliza juu ya ncha ya kidole, unaigonga kidogo kwa kalamu ya mbao. Fedha halisi inaimba, na wimbo wake unachelewa kufa. Bandia inaguna tu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Wengine wakisema mizani ndiyo mwamuzi, yeye aliwajibu kwamba mizani hudanganyika, sikio lake halijadanganyika hata siku moja. Alikuwa na majivuno kidogo, tusimfichie.

Nje ya kundi hilo hakuwa na mtu. Mkewe alikuwa amefariki, huu mwaka wa nne. Aliishi vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na mgeni wake pekee alikuwa fundi cherehani wa duka la chini, aliyekuwa akipanda kila Jumamosi alasiri wacheze drafti. Miezi mitatu iliyopita ziara hizo zilikatika. Jumamosi ya kwanza mzee alikaa na drafti mezani, ya pili vile vile, ya nne akairudisha kabatini. Kengele ya mlangoni, aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe, hakuisikia. Akajisemea kwamba mtu akikuchoka haagi, na tangu hapo akawa anapita mbele ya duka lile shingo kaikaza kama hamjui mwenye nalo. Ilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Aliyebaki ni Mwenye Kasha, wa kule kundini. Huyu alikuwa mjane wa mji wa mbali, akiuza moja moja sarafu alizoachiwa na mumewe kwenye kasha la chuma. Walianza kwa maswali ya uzito na tarehe, wakaishia kuulizana umeamkaje. Hawakuwahi kuonana wala kupigiana simu, lakini mjane alijua ni goti lipi la mzee linauma, naye mzee alijua siku ambazo maji yamekatika kwa mjane. Asubuhi haikuwa asubuhi mpaka ujumbe wake uingie.

Siku moja akaandika: "Nimempata korongo wako."

Sikio alikuwa na seti ya sarafu za ndege sita iliyopungukiwa mmoja. Watano aliwanunua benki pamoja na mkewe, kila mmoja siku aliyotolewa, wakipanga foleni wawili wawili. Wa sita, korongo, alitoka mwaka ambao mkewe alilazwa, na foleni hiyo haikupata wa kuipanga.

Kifurushi kilifika Jumatatu. Mizani ikakubali. Sumaku haikushika. Meno ya ukingoni yalikuwa sawasawa, na kwa kioo cha kukuza manyoya yalihesabika. Mzee akamweka korongo kwenye ncha ya kidole, akashusha pumzi, akagonga.

Tok.

Akagonga tena. Tok, basi. Hakuna wimbo.

Mwenye busara angemwandikia mjane kwanza, amwulize. Yeye aliona kwamba mtu anayejua goti lake lipi linauma amemuuzia feki. Akaandika moja kwa moja kwenye kundi, mbele ya watu mia nne: korongo wa Mwenye Kasha ni bandia, nimemsikiliza mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Chai yake ilikuwa haijapoa, mjane akawa keshaitwa mwizi, keshaitwa tapeli, kikulacho ki nguoni mwako, na msimamizi akamtoa.

Jioni ukaja ujumbe wa faragha. "Kila sarafu aliyonunua, mume wangu alikuwa akinigongea nisikie. Nilidhani tunafurahi pamoja. Kumbe alikuwa ananidanganya, au alidanganywa yeye maisha yake yote. Sijui lipi linaniuma zaidi. Nirudishie korongo, na pesa yako utaipata."

Maneno hayo hayakumtuliza. Alitaka mjane asikie kwa masikio yake tofauti ya bandia na halisi. Kesho yake akaweka simu mezani arekodi, akamgonga korongo, kisha akamtoa njiwa kwenye seti, mmoja wa wale watano wa benki, akamgonga naye.

Tok.

Akamgonga bundi. Akamgonga mwewe. Wote watano, aliowapokea kwa mkono wake dirishani mkewe akiwa ubavuni, wakaguna vile vile.

Akaziba sikio la kulia, akagonga. Akaziba la kushoto, akagonga. Kisha akaketi, akaogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa tangu siku ya mazishi.

Lakini kuogopa hakumrudishii mjane jina lake. Yalihitajika masikio ya mtu mwingine, na katika jengo zima mzee alijua ya mtu mmoja tu. Akatia korongo na njiwa mfukoni, akashuka, akikimeza kiburi ngazi kwa ngazi.

Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali. Alisimamisha mashine, lakini yeye mwenyewe hakusimama.

"Leo umepotea njia, kaka?"

"Nataka unisikilizie kitu." Akamgonga korongo.

Fundi cherehani akainamisha kichwa, uso ukamlainika. "Mbona tamu hivyo? Bado inalia... bado... haya, imenyamaza."

"Na hii?"

"Hiyo ndugu yake. Sauti moja kabisa."

"Una hakika inalia?"

"Kwani wewe huisikii?"

Mzee akazirudisha sarafu mfukoni. Fundi cherehani akamtazama vizuri, akavua mkanda wa kupimia shingoni.

"Hebu ngoja. Ile kengele yako, nzima?"

"Nzima. Niliifunga mwenyewe."

"Basi nimeibonyeza Jumamosi nne, na mimi niliye nje naisikia inavyolia. Nabonyeza, napiga hodi zangu tatu, nakusikia unakohoa humo ndani, hunifungulii. Hodi ya nne anapiga askari, kaka, mimi si askari. Nikashuka, nikasema huyu kanichoka. Halafu unapita hapa hunitazami!"

"Nilidhani wewe ndiye umenichoka."

"Ama kweli sikio la kufa..." akaanza fundi cherehani kwa utani wake wa siku zote, kisha akayaona macho ya mzee, akaiacha methali njiani.

Mzee alipopanda, aliandika kwenye kundi kabla moyo haujampoa: "Korongo ni fedha halisi. Mwenye Kasha hana kosa, mkosaji ni mimi. Sisikii tena mlio wa sarafu, na sijui tangu lini. Msiniulize tena." Nao hawakumwuliza. Wachache walitoa pole, msimamizi akatangaza kwamba mjane anaweza kurudi, na kufikia kesho yake picha zilikuwa zinatumwa kwa mtu mwingine, mwenye kifaa cha kupima madini.

Kwa mjane aliandika peke yake: "Nisamehe. Mumeo hakukudanganya, wala yeye hakudanganywa. Mlichokisikia mlikisikia."

Siku mbili hazikuleta kitu. Ya tatu, asubuhi, saa yao ile ile, ujumbe ukaingia. "Asante kwa kunirudishia mume wangu. Korongo baki naye, ulimlipia. Kwenye kundi sirudi, na kwako pia sina la kuandika tena."

Akamweka korongo kwenye nafasi yake. Seti ikatimia, na hapakuwa na wa kumwambia. Asubuhi zilizofuata aliendelea kuifungua simu saa ile ile, akijua kabisa kwamba hakuna kitu.

Jumamosi alitoa drafti kabatini. Akaburuta kiti hadi mlangoni, akauacha mlango wazi, akaketi kuzikabili ngazi. Alikaa sana. Mara mbili alitaka kunyanyuka aufunge, mara mbili akajizuia.

Alasiri kichwa cha fundi cherehani kikachomoza, mkanda ukiwa shingoni. Alifika kizingitini, na ingawa walikuwa wanatazamana uso kwa uso, akanyoosha mkono akabonyeza kengele, maana adabu ni adabu. Mzee alikiona kidole kikibonyeza, kisha akaiona midomo ikisema hodi.

"Karibu," akaitikia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kabla ya hodi ya pili.