Dada Anawapasha Samaki

Sikuwa na ugomvi na dada yangu Nelda mpaka aliponizidi kwa huruma. Alihamia kwangu hapa Melo wiki ile tuliyomzika mke wangu Iris, akisema anakaa siku kumi tu. Huu ni mwaka wa tatu. Amehamisha sufuria zangu zote, amemfukuza paka, na kila nikikohoa anauliza kama nimevaa soksi.

Iris aliniachia samaki wawili, dume na jike, aliowavua mwenyewe kwenye kijito cha nyuma ya machimbo kwa vidonge vya mkate. Ni kastanyeta, ndugu zake perege, ila hawa wetu ni wa nchi ya baridi. Miezi ya baridi, ambayo huku kusini mwa dunia ni Juni hadi Agosti, wanataka maji ya nyuzi kumi na tatu, kumi na tano hivi, wapoe, wapumzike. Ndipo Oktoba maji yakipanda mpaka ishirini na mbili, wanataga. Ukiwanyima baridi yao, hawatagi ng'o. Na hawa walikuwa wameshazeeka, jike ameanza kupinda mgongo. Kijito chenyewe kimefukiwa. Wasipotaga mwaka huu, basi, cha Iris kimekwisha.

Ajabu ni kwamba kila nikiamka kipimajoto kinasoma ishirini. Julai! Nje nyasi nyeupe kwa barafu, mimi pua imekufa ganzi, samaki wanastarehe. Nikanunua kipimajoto kingine. Ishirini vilevile. Nikalisogeza tangi lao la kioo mbali na jiko, nikawa namtukana muuza vipimajoto kimoyomoyo.

Siku moja kibofu kikaniamsha alfajiri. Nikamkuta Nelda mbele ya tangi, kibuyu cha yerba, ile chai yetu ya majani machungu, mkono mmoja, themosi chini ya kwapa, anamimina maji ya moto pembeni polepole huku anawaongelesha.

"Haya, oteni moto, wanangu. Huyu baba yenu hana moyo."

"Nelda! Unafanya nini?"

Hata hakushtuka. "Nawapasha. Wanatetemeka."

"Samaki hatetemeki, dada!"

"Utajuaje, wewe unaamka saa nne?"

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu nifike. Nachota jagi la baridi, namimina la moto. Wala hayajachemka, kwani mimi mjinga? Ni maji ya yerba tu."

"Yaani miaka mitatu unanipikia supu ya samaki wangu!"

"Ingekuwa supu ungeimwaga, kama unavyozimwaga zangu."

Nikamweleza, kwa sauti ambayo nadhani hata padri aliisikia kanisani. Kwamba bila baridi hakuna mayai. Kwamba hawa ndio wa mwisho wa Iris. Hapo akaketi, uso umemshuka.

"Si ungesema," akasema. "Jina lake hulitaji mbele yangu. Mimi nikaona nyumba baridi, samaki wa marehemu wako baridini, na wewe mwenyewe hupashiki."

Nikaenda kuvaa soksi.

Tangu siku hiyo akawa anakunywa yerba yake ameligeuzia tangi mgongo, asije akashawishika. Maji yakashuka mpaka kumi na nne. Samaki wakatulia chini, kimya.

"Tumewaua?" ananiuliza kila asubuhi.

"Bado. Lakini endelea kuuliza, watakufa kwa kuchoshwa na wewe."

Nilimtania, lakini na mimi nilikuwa na hofu. Nilikuwa naamka mapema kuliko yeye kwenda kuwatazama.

Oktoba ikaingia, joto likarudi kidogo kidogo. Mchana mmoja, kipimajoto kwenye ishirini na mbili, nikainama kuchungulia. Juu ya tofali lililo ndani ya tangi kulikuwa na mayai mamia, madogo kama punje za ulezi, na yule jike mzee anayapepea kwa mapezi, mkali, hataki dume asogee. Nikapaza sauti bila kufikiri.

"Iris! Iris, njoo uone!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nelda akatoka jikoni, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Alikuwa amelisikia jina vizuri kabisa.

"Haya, nimekuja," akasema, akanisukuma kwa bega nimpishe. "Nionyeshe."