Ijumaa za Ackson

Atupokile alicheka mazishini. Mzee wa kanisa alikuwa akisoma wasifu wa marehemu mumewe, Ackson, na alipofika pale pa "mume mwaminifu", kicheko kikamtoka mjane kama chafya. Kijiji kizima cha Kisondela kikageuza shingo. Chozi halikumtoka siku ile wala miezi mitatu iliyofuata. Kifua kilimbana, usingizi ukampotea, na mawifi wakaanza kunong'ona kwamba mjane asiyelia ana lake jambo.

Monica, nesi wa hospitali, alimpima asione ugonjwa. "Mama, nunua daftari. Andika yote uliyotaka kumwambia marehemu."

"Na matusi?"

"Anza na hayo."

Mungu amsamehe, aliandika! Mkoromo wa Ackson ulipata kurasa mbili, uchoyo wake nne. Akaandika kwamba hata Ackson alipovunjika mguu, yeye akamwogesha mwezi mzima, hakuambiwa "ndaga", ahsante ya Kinyakyusa isiyogharimu kitu. Kifua kikaanza kufunguka. Alipofika kwenye habari za Ijumaa, kalamu ikagoma. Kila Ijumaa Ackson alikwenda Makandana, dukani kwa Mwantum, "kuchagua mitumba", na kwa miaka minne hakurudi hata na soksi. Zaidi ya hapo Atupokile hakujua kitu, na asilolijua angeliandikaje?

Akatia daftari kwapani, akaenda Makandana. Alimkuta Mwantum dukani, anatundika makoti.

"Mimi ni mke wa Ackson."

Koti likamponyoka Mwantum. "La haula! Si ulikufa?"

"Nilikufa lini?"

"Mwaka tisini. Kwa kuhara."

"Kwa kuhara!" Atupokile akajibwaga juu ya robota la mitumba. Vifo vyote vilivyojaa duniani, mume kamchagulia hicho.

"Hapo ulipokaa ndipo alipokuwa akikulilia," Mwantum alisema. "Ijumaa zetu ndivyo zilivyokuwa, dada, nusu ya muda analia. Eti alivunjika mguu ukamwogesha mwezi mzima, na amekuzika hajakwambia ndaga."

Atupokile alifungua kinywa atukane, kikatoka kilio. Alilia mpaka kamasi, akavuta sketi ya kwanza iliyokuwa karibu, akapenga. Mwantum naye akalia, maana tangu msiba hakuna aliyempa yeye pole.

Walipotulia, Atupokile akafungua daftari, akaandika sentensi moja tu: "Ackson, aliyekufa ni wewe."