Linksi wa Chumba cha Nyuma

Truphena alikuwa mfanyakazi wa ndani katika jumba moja la Riyadh, na juu ya kupika na kufua alitwikwa kumtunza linksi, paka mkubwa wa misitu ya theluji ambaye bosi alipewa zawadi angali mtoto wa paka. Mnyama huyo alikuwa na vishungi vyeusi masikioni na nyayo pana zenye manyoya, nyayo za kukanyaga theluji bila kuzama. Hapa zilikanyaga marumaru. Wenye hela wana mambo!

Chumba cha linksi, nyuma ya jumba, mlango wake ukifungukia nje, kilipozwa kwa AC usiku na mchana. Truphena alikuwa ametazama kwenye simu jinsi linksi wa porini wanavyoishi: mtoto humfuata mama majira yote ya baridi ya kwanza, akijifunza kunyatia sungura. Huyu aliondolewa kabla ya somo hilo. Jambo hilo lilimkata Truphena maini, maana yeye mwenyewe alimwacha mwanawe Ashley akiwa bado ananyonya.

"Kwenu sasa ni miti na ukimya tu," alizoea kumwambia linksi akimchana manyoya. "Mungu akipenda utarudi."

Siku moja ya kiangazi madam, mke wa bosi, akaita, "Truphena, yalla, twende! Jeddah!" Kulikuwa na harusi ya mpwa wake. Truphena akakimbia chumba hadi chumba akifungasha, na kila alipotoka mkono wake ulizima AC, kama alivyofokewa azime tangu wiki ya kwanza. Mkono haukubagua.

Alikumbuka jioni, Jeddah, baridi ya AC ya ukumbi wa harusi ilipompiga shingoni. Simu zote zilikuwa zimekusanywa mlangoni ili wanawake wasipigwe picha, akampenyezea madam maneno katikati ya wanawake wanaocheza.

"Madam, nimezima AC ya paka!"

"Mafi mushkila, hamna shida, Truphena. Baadaye."

Akatoka mbio hadi kwa Dalmas, dereva wao, aliyempigia Naftali, mlinzi wa jumba kule Riyadh.

"Funguo mnazo nyinyi," Naftali alisema.

"Vunja dirisha!" Truphena alilia, akiishika simu kwa mikono miwili.

"Dada, nikivunja nyumba ya kafili aliyeniajiri nitaozea jela. Nina watoto." Akaukaribia mlango wa linksi. "Anakwaruza mlango. Namsikia."

Asubuhi Truphena alimsihi madam tena. Madam akaahidi kumpigia mtu mwenye ufunguo wa akiba, kisha wageni wakamshughulisha akasahau. Truphena akawapikia wageni hao huku machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemuuliza ana nini.

Waliporudi, linksi alikuwa amelala nyuma ya mlango, ulimi nje, kucha zimevunjika. Bosi hakugomba hata kidogo. "Halas, yamekwisha, usilie," alisema. "Nitaagiza mwingine."

Naftali alimsaidia Truphena kumbeba linksi hadi uani. Hakuweza kumtazama Truphena usoni.

"Nilikaa nje ya mlango wake mpaka akanyamaza," alisema. "Sikujua la kumwambia, dada. Nikamwambia unakuja."