Mikono Iliyopauka

Mdogo wangu anajua kitambaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na nasema hivyo nikiwa na hasira naye. Anakishika kwa vidole viwili, anakivuta kidogo, kisha anakwambia kikifuliwa kitarudi kiasi gani. Akipanga shati juu ya meza ya kukatia, vipande vinavyobaki havitoshi hata kufutia miwani. Kiwandani wanamwita Rula. Yeye anadhani ni sifa.

Mimi ni dada yake wa tumbo moja. Nimemlea tangu mama alipofariki, na hapo kiwandani nasimamia meza ya vifungo. Yeye alikuwa kaimu mkuu wa uzalishaji, na ukaimu wenyewe ulikuwa umekaribia kuota mvi, maana kila nafasi hiyo ilipojadiliwa, bosi wetu, mama mwenye kiwanda, alishusha pumzi na kusema, "Tuone kwanza." Safari hii alimwita ofisini nami nikiwepo, akamwambia wazi kwamba sare za wauguzi zikitoka salama, kiti ni chake. Mdogo wangu alitoka pale akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

"Ulimi wako, baba," nilimwambia kwenye ngazi. "Kazi hii tu. Ufunge."

"Dada, mimi nasema ukweli."

"Sijakwambia udanganye. Nimekwambia unyamaze."

Akacheka. Nilikuwa nimechelewa lakini, maana maneno yaliyokuja kummaliza alikwisha kuyasema. Mwezi uliopita mzee anayetandaza vitambaa mezani alimwambia kwamba jora moja limevutika pembeni. Rula alilikagua, akakuta halina kitu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye pasi: "Mzee, macho yako yamebaki ya kulilia tu." Watu walicheka. Mkwe wa mzee huyo, aliyemwoa binti yake wa mwisho, alikuwa amesimama palepale akipakia maboksi. Yeye hakucheka. Aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na mzee akaendelea kulainisha kitambaa ambacho kilikuwa laini tayari.

Sasa sare. Majora ya bluu yalipofika, mzee ndiye aliyeyabeba kutoka stoo, akakatiza nayo uani kwenye jua. Chumba cha kukatia hakina dirisha la maana, kuna taa tu, na chini ya taa zile bluu zote ni sawa. Rula mwenyewe asingeona. Alikata vizuri kama kawaida yake, wenzetu wakashona, nami nikatia vifungo. Siku moja kabla ya hospitali kuja kuchukua mzigo, tulitoa mashati uani kuyahesabu.

Mashati mengine yalikuwa na miili iliyokolea na mikono iliyopauka, mengine kinyume chake. Ungedhani kila muuguzi ameazima mikono ya mwenzake. Bosi aliliinua moja, akalishusha.

"Nani aliyabeba majora haya?" Rula aliuliza.

"Mimi," mzee alisema. "Na niliona. Mawili yalikuwa yamepauka."

"Uliona ukanyamaza?"

"Uliniambia macho yangu yamebaki ya kulilia," mzee alijibu taratibu, wala hakuwa na hasira. "Nikayaacha kwa kazi hiyo."

Hapo ndipo nilipoona tena kwa nini nampenda huyu mtu. Hakupoteza muda. Alichukua chaki, akapita shati kwa shati, akitia alama kolani. Alama hii, mikono ifumuliwe ihamie kwenye shati la alama ile. Yaliyokolea yakae peke yake, yaliyopauka peke yake, kila wodi ipewe rangi yake. Chai iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa haijapoa alipomaliza. Bosi aliwapigia simu watu wa hospitali, wakakubali. Kilichobaki ni mikono ya watu, na saa za kazi zilikuwa zinaisha. Kila mtu angelazimika kubaki.

"Waombe," bosi alimwambia.

Nilimvuta pembeni. "Sema 'jamani, nisaidieni.' Basi. Usiongeze hata neno."

Alisimama mlangoni, watu wote wakamgeukia. Nilikuwa nimebana kidole gumba ndani ya ngumi, namwombea kama siku ile ya mtihani wake wa darasa la saba.

"Mlioharibu ndio mtakaotengeneza," alisema. "Na safari hii mtumie akili."

Walivua aproni zao, wakazitundika, wakachukua mikoba. Mzee alitangulia.

Walikuwa wamefika getini pale msimamizi wa pasi, mwanamke tunayemwita Shangazi, alipowafuata akivuta ndala zake. Shangazi huyu hajui kupanga shati mezani, na futi ya kupimia huishika kichwa chini. "Jamani," aliwaambia, "najua mmechoka, hata mimi miguu inawaka moto. Mzee wangu, wewe umeudhiwa, na si haki. Lakini nisaidieni. Tukipoteza hospitali tutakula nini?"

Wakarudi. Walifumua na kushona kwa kufuata chaki ya mdogo wangu, alama kwa alama, na kazi ikatoka safi. Kabla hatujafunga, bosi alichomoa ufunguo wa ofisi ya mkuu wa uzalishaji kwenye pete yake, akaupitisha mbele ya Rula, akampa Shangazi.

Mdogo wangu alikuja kukaa mezani kwangu nikimalizia vifungo. Kwenye pasi walikuwa wanacheka, hata mzee alicheka.

"Alama zile ni za nani?" aliniuliza.

"Zako."

"Shangazi angeweza kuzitia?"

"Hawezi."

"Sasa nimekosea wapi, dada?"

Nilimweleza. Nilimweleza polepole, kama nilivyokuwa nikimweleza utotoni aliporudi nyumbani analia kwamba hakuna anayetaka kucheza naye. Alisikiliza. Macho yake yalilowa, akanishika mkono, akasema, "Nimekuelewa." Moyo wangu ulilegea. Nilifikiri, Mungu wangu, leo neno limeingia.

Kisha akachukua shati nililotoka kulimaliza, akalisogeza kwenye taa.

"Tundu hili la kifungo limepinda," alisema. "Hata wewe, dada. Miaka yote hii, na bado hujajifunza."

Nililitazama. Lilikuwa limepinda kweli. Kwenye pasi kicheko kilikuwa kimetulia na watu wakiagana, na mle chumbani tulikuwa tumebaki wawili tu. Nilichukua wembe nikaanza kulifumua tundu lile, maana kama na mimi ningeinuka, asingebaki naye mtu.